Chumba Kilichokataa Kupoa

Juzi fundi alifungua kiyoyozi cha nyumba yangu hapa Al Sadd, mjini Doha, na kabla sijayaona maji nilisikia harufu yake: kutu, chuma kikuukuu, na ubaridi wenyewe, kana kwamba ubaridi nao una harufu. Fundi aliniona nimekunja uso akaniomba radhi kwa uvundo. Nilimwambia haina neno. Lakini nilibaki nimesimama pale koridoni kwa muda, kwa sababu harufu ile ilikuwa imenipeleka Al Mansoura, chini ya ngazi, nikiwa mtoto, beseni la plastiki mikononi.

Sisi tulioletwa huku na wazazi wetu tukiwa wadogo, tukikutana siku hizi na watoto wetu wenyewe, hupenda kusimuliana habari za shule na michezo ya kwenye maegesho ya magari. Ule mwaka wa kwanza hatuuzungumzii sana. Wangu ulianza na chumba.

Nilizaliwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni na mtoto huota moto kabla ya kwenda shule. Nililelewa na Nyanya, mama yake mama. Mama alikuwa muuguzi, na alipopata kazi hospitalini Doha nilikuwa mdogo kiasi kwamba siikumbuki siku aliyoondoka. Nilimjua kwa sauti. Kila Jumapili tukitoka kanisani Nyanya alinibandika simu sikioni, nami nikaijibu ile sauti kwa adabu, kama mtu anayemjibu mwalimu mkuu: ndiyo, nimekula, ndiyo, nasoma, ndiyo, nitamsalimia. Jina langu ni Wakesho, lakini nyumbani wote waliniita Kesho, na ile sauti nayo iliniita hivyo hivyo.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipokuja likizo kunichukua. Nyanya alinivalisha sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe, kwa kuwa kwake safari yoyote ya mbali ilikuwa safari ya baridi. Milango ya uwanja wa ndege wa Doha ilipofunguka, nilidhani tumesimama nyuma ya lori lililowashwa. Nilisogea pembeni nikwepe moshi. Nikasogea tena. Moshi haukuisha.

"Hilo si gari," mama aliniambia, akinivua ile sweta. "Hiyo ndiyo hewa yenyewe."

Nyumba yake ilikuwa Al Mansoura, ghorofa ya nne, katika jengo lililobanwa na majengo mengine, chini kuna kinyozi na duka la kushona nguo. Miaka yote alikuwa ameishi humo na wauguzi wenzake, wakigawana vyumba. Wenzake walipohama, aliichukua nyumba nzima peke yake ili mimi nipate kuja. Hilo sikulijua wakati ule. Nilichojua ni kwamba alinishika mkono, akanipeleka hadi mwisho wa koridoni, akafungua mlango na kusema, "Hiki ndicho chumba chako."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka zenye vifaranga wa bata. Kulikuwa na mwanasesere amekalishwa juu ya mto, na kando ya kitanda jozi ya kandambili ambazo hata vidole vyangu visingeenea. Alikuwa amenunua vitu hivyo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya mtoto aliyemwacha, na mtoto aliyemwacha alikuwa amekua. Nakumbuka alivyozitazama zile kandambili, kisha akaitazama miguu yangu, kisha akazisukuma chini ya kitanda kwa ncha ya kiatu.

Na chumba kilikuwa cha moto. Sebule ilikuwa na ubaridi, chumba chake kilikuwa na ubaridi wa kujifunika blanketi, lakini changu kilikuwa kama ndani ya gari lililoachwa juani. Upepo ulikuwa ukitoka kwenye tundu la juu ya mlango, tena kwa nguvu, ila ulikuwa upepo wa joto. Mama alibonyeza kile kidude cha ukutani cha kupandisha na kushusha ubaridi, akakishusha hadi kikakataa kushuka zaidi. Tulisubiri, tumesimama mimi na yeye, tumeinua nyuso kulitazama tundu. Hakuna kilichobadilika. Usiku huo akanitandikia godoro chini, chumbani kwake.

Kiyoyozi cha jengo lile hakikuwa kile cha kuning'inizwa ukutani, kila mtu na chake. Juu ya paa kulikuwa na mtambo wa kupoza maji. Maji yale ya baridi yalishuka kwa mabomba hadi kila nyumba, na kwa kila chumba yakapita ndani ya boksi lake la bati lililofichwa juu ya dari, na feni ikapuliza hewa juu yake kuingia chumbani. Hayo nilikuja kuelezwa baadaye. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliamini kwamba chumba kile kilikuwa kinamngoja mtoto mwingine, yule mdogo wa kandambili na vifaranga, na kwamba kiliponiona mimi, mrefu, magoti yamechubuka, kilijua kabisa kuwa hakikuandaliwa kwa ajili yangu. Kilikuwa kimekasirika. Nyumba ya Nyanya isingenifanyia hivyo.

Mama alimpigia mudir, yaani msimamizi wa jengo. Akaja fundi mmoja, akashusha chujio la hewa, likaoshwa bafuni likatoa vumbi jeusi, likarudishwa. Upepo ukaongezeka nguvu, ukawa upepo mwingi wa joto. Siku nyingine akaja fundi mwingine, akabadilisha kile kidude cha ukutani, akaweka kipya chenye taa ya bluu. Taa ilikuwa nzuri. Chumba kikabaki vile vile. Mama alipopiga tena, mudir alimjibu neno ambalo nililijua haraka kuliko maneno yote ya Kiarabu: "Bukra, inshallah." Kesho.

Kwa hiyo tuliendelea kulala chumba kimoja, watu wawili tusiojuana. Alikuwa akitoka kazini amechoka, viatu vyeupe akiviacha mlangoni, akinyata ili asiniamshe, nami nimefumba macho nikijifanya nimelala kwa sababu sikujua la kumwambia. Alikuwa anakoroma kidogo. Mimi nililia kidogo, na kila mmoja alijitahidi mwenzake asisikie. Kila siku nilimuuliza ni lini nitarudi kumsalimia Nyanya. Kila siku alisema likizo. Nilitaka kurudi, hilo silifichi. Nilikuwa nimeshaamua kuwa chumba kikiendelea kunikataa, watu wakubwa watakubali wenyewe kwamba haiwezekani.

Kisha jioni moja nilimsikia akiongea kwa simu jikoni. Alikuwa akizungumza na mama mkubwa, dada yake aliyeko Voi, na sauti yake ilikuwa ikikatikakatika kwa uchovu.

"Nimechoka, dada," alisema. "Nimechoka na kesho, kesho, kila siku kesho. Nimevumilia vya kutosha. Nikishindwa kabisa nitarudisha tu, yaishe."

Nilisimama koridoni na kikombe changu cha maji. Nilikuwa nimetamani jambo hilo hilo, lakini nilipolisikia kutoka kinywani mwake sikulitaka tena. Amechoka na Kesho. Atarudisha. Kama mtu anayerudisha nguo dukani kwa kuwa haikumwenea.

Kuanzia hapo nikawa mtoto mwingine. Sikumuuliza tena habari za Nyanya. Nilikunja godoro langu kabla hajaamka, nikaosha vyombo hata visivyo vichafu, nikala nusu ya chakula ili nisionekane mlaji. Nikivuka mlango wa kile chumba nilikiomba kimoyomoyo kipoe. Mama aliuona ukimya wangu akadhani naumwa. Alinipima joto, akanitazama koo kwa tochi, akanibonyeza tumbo akiniuliza panapouma. Nilisema hapaumi popote. Mikono yake ilikuwa laini, nami niliwaza kwamba labda anafanya hivyo ili nirudishwe nikiwa mzima.

Bwana Shabani, fundi wa tatu, alikuja siku ambayo mama alikuwa ametoka shifti ya asubuhi, bado amevaa sare. Alikuwa mtu wa Tanga, anaishi Industrial Area, pembezoni mwa Doha, na mafundi wenzake, basi la kampuni limemshusha chini na ngazi yake na mkoba wa spana. Aliposikia mama akinisemesha kwa Kiswahili alifurahi mpaka akaweka mkoba chini.

"Loo! Kumbe ni kwetu! Hujambo, sista? Na huyu bi mdogo?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyesheni huyu mgonjwa."

Mama alimweleza yote, chujio, kidude cha ukutani, ahadi za mudir. Yeye hakukigusa kidude. Alipanda ngazi koridoni, akafungua kifuniko cha dari, akaingiza mkono na kuvua sifongo jeusi lililovishwa kwenye mabomba. Akalishika bomba lenyewe kwa kitambo, kama wanavyofanya wauguzi wanaposhika kifundo cha mkono.

"Njoo uguse, sista," alisema akishuka. "Bomba linaloleta maji lina baridi mpaka hapa kwenye koki. Koki iko wazi. Ukivuka koki, vuguvugu. Maji yanafika mlangoni, hayaingii ndani. Juu huko walikausha mabomba?"

Mama alikumbuka kwamba kabla sijafika, nyumba ya ghorofa ya tano ilivuja, na mafundi wakafunga maji ya jengo na kuyafungulia tena.

"Basi ndiyo hiyo. Maji yaliporudi yaliisukuma hewa mbele, ikaja kunasa humu. Hewa hupenda kukaa juu, na boksi hili ndilo lililopanda juu kuliko mengine ya nyumba hii. Imeziba njia."

"Kama hewa kwenye mpira wa dripu," mama akasema.

"Hasa! Kuna skrubu ndogo ya kuitolea. Tatizo ni kwamba nipo peke yangu leo. Mtu mmoja ashike skrubu, mwingine aende kule kwenye kabati la mabomba karibu na lifti akayafungulie maji kwa nguvu. Nitamwita mwenzangu, tutakuja..."

"Usiniambie kesho," mama alisema. "Nionyeshe hiyo skrubu."

"Sista, na hiyo sare nyeupe?"

"Bwana Shabani, mimi natoa hewa kwenye dripu kila siku ya kazi. Nionyeshe."

Alicheka, akamwonyesha. Akachomeka mpira mwembamba kwenye ncha ya skrubu, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye beseni la jikoni, na beseni akanipa mimi nilishike. Akatupa maelekezo: mama afungue taratibu, asifunge hewa ikitoka, asifunge maji yakianza kutema, afunge tu yakitulia. Kisha akatoka kwenda kwenye lifti, tukabaki wawili.

Mama alipanda. Kichwa na mabega yakaingia darini, nikawa naona viatu vyake vyeupe na pindo la sare, na sauti yake ikawa inatoka juu, imezibwa kidogo na bati. Labda ndiyo maana niliweza kusema. Mtu mzima mwenye uso sikuwa nimemzoea bado. Sauti niliizoea.

Skrubu ikalia. Hewa ikaanza kutoka, *sssss*, ndefu, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu siku nilipofika.

"Mama."

"Mm."

"Chumba kikipoa hutanirudisha?"

Viatu havikusogea. "Nikurudishe wapi?"

"Kwa Nyanya. Ulimwambia mama mkubwa kwenye simu. Ulisema umechoka na Kesho. Ukasema ukishindwa utarudisha tu."

Hewa iliendelea kutoka. Mpira ulitikisika ndani ya beseni bila tone la maji.

"Wakesho," alisema. Hakuwahi kuniita jina zima. "Nilichoka na kesho ya mudir. Kila nikimpigia, kesho. Na nilichosema nitarudisha ni funguo. Funguo za nyumba hii. Nirudishe funguo, tukatafute nyumba nyingine, mimi na wewe."

"Mimi na wewe?"

"Ningehama na nani mwingine?" Akajishikiza vizuri juu ya ngazi. "Sasa siwezi kushuka, unaona. Nikiachia hapa tutaanza upya. Lakini nisikilize. Mimi nilikungoja miaka mingi, na nikangoja vibaya. Nilikuwa nanunua viatu vya mtoto mdogo. Sikujua wewe una ukubwa gani, sikujua unapenda nini, nikaona haya kuuliza. Mama gani anauliza?"

Nikashika beseni kwa nguvu zaidi.

"Unataka kurudi kwa Nyanya?" akauliza.

Wiki mbili kabla ningesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Siku ile nililitafuta lile ndiyo nikalikuta limechanganyika na kitu kingine.

"Sijui," nikasema.

"Basi usijue kwanza. Hakuna anayekuharakisha."

Hapo mpira uliruka ndani ya beseni. Maji yakatema, meusi kama chai ya rangi iliyochemshwa mno, yakakatika, yakatema tena, na harufu ya kutu ikajaa koridoni.

"Sista!" Bwana Shabani alipaza sauti kutoka kule kwenye lifti. "Yamekuja?"

"Yanatema!"

"Usifunge! Ngoja yatulie!"

Yalitema, yakakohoa, yakanilowesha kifua. Kisha kukohoa kukapungua. Mkondo ukanyooka, mwembamba, ukatoka mweusi, ukawa kahawia, ukawa maji. Nilitumbukiza vidole. Yalikuwa ya baridi kabisa, baridi ya mtoni kule kwetu asubuhi, nikapiga kelele bila kukusudia: "Mama, ni ya baridi! Ni ya baridi!"

"Yametulia?"

"Yametulia!"

Skrubu ikalia tena, mkondo ukakoma. Mama akashuka ngazi moja moja. Sare ilikuwa na madoa, nywele zimejaa vumbi la dari, na mashavuni alikuwa na mistari miwili iliyopita katikati ya vumbi lile. Alichuchumaa akalipokea beseni, akaliweka chini, akanivuta. Tulikuwa tumelowa sote wawili na tulinuka kutu. Ndiyo mara ya kwanza ninayoikumbuka ya kukumbatiwa naye bila mimi kuhesabu ni lini ataniachia.

Bwana Shabani alirudi akatukuta hivyo, akasita mlangoni.

"Aa, poleni. Yamewarukia?"

"Yameturukia," mama alisema, akijifuta uso kwa mkono wa sare.

Akaingia chumbani, akainua kiganja chake kwenye lile tundu la hewa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniita na mimi. Aliniinua, nikaweka kiganja karibu na chake. Upepo haukuwa wa baridi kali bado, lakini ule wa joto ulikuwa umekwisha.

"Kipeni muda," alisema. "Hizi kuta zimekunywa joto siku nyingi, zina kazi ya kulitema. Jua likizama mtakuwa mnatafuta blanketi."

Mama alimkaribisha chai, yeye akasema basi la kampuni halimngoji mtu. Mama akamfungia mahamri kwenye karatasi, naye akayapokea kwa mikono miwili na kusema kwamba hajala mahamri ya kupikwa nyumbani tangu atoke Tanga. Nilimsindikiza mpaka kwenye lifti. Sikumwona tena baada ya siku ile, na sidhani kama alijua alichotuachia mbali na ubaridi.

Sikuacha kumkumbuka Nyanya. Bado nililia baadhi ya siku, na mama bado alikosea mambo mengi. Alinisuka nywele kwa kubana mno, alinipikia uji mtamu nisioupenda, nami nikawa naunywa mpaka siku moja nilipothubutu kusema. Alishangaa, akacheka, akaniuliza basi unapenda nini, nikamwambia kimanga. Siku yake ya mapumziko tukazunguka madukani kutafuta mihogo na maharagwe, tukakiponda pamoja, kikatoka kigumu, tukakila hivyo hivyo. Tulinunua na shuka mpya. Nilichagua mwenyewe, za mistari ya bluu, na yeye akazikunja zile za vifaranga taratibu sana, akaziweka kabatini mwake. Hakuzitoa tena, wala hakuzitupa.

Alasiri moja, muda mfupi kabla shule hazijafunguliwa, alikuwa anajiandaa kwa shifti ya usiku na alitakiwa alale kidogo. Nilikuwa kitandani kwangu nachora, mlango umerudishwa, chumba kimepoa vizuri, nje jua linawaka hadi majengo yanaonekana meupe. Nikasikia mtu anagonga.

"Hodi," mama alisema.

Nilishangaa. Ilikuwa nyumba yake. Alikuwa na funguo zote, na mlango wenyewe haukufungwa. Lakini hakuingia. Alisimama upande wa pili akingoja, na ikanichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananingoja mimi.

"Karibu," nikasema.

Akaingia na mto wake kwapani. "Usingizi umegoma kule. Unaweza kunipisha hapo ukutani?"

Nikasogea. Akajilaza kwenye mistari ya bluu, miguu ikining'inia nje ya kitanda kwa kuwa kilikuwa kifupi kwake, akafumba macho.

"Niambie," alisema, "siku yako ya kwanza shule ya Wundanyi. Mimi sikuwepo. Ulivaa nini? Ulilia?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza sare iliyokuwa ndefu hadi kwenye vifundo vya miguu, na mvua, na Nyanya aliyekataa kuondoka akakaa nje ya darasa juu ya jiwe mpaka saa ya mapumziko. Alitabasamu hapo. Nikamweleza msichana aliyeninyang'anya penseli na jinsi nilivyoipata. Mahali fulani kwenye habari ya penseli alianza kukoroma, taratibu. Nilimfunika mabega, nikashusha sauti, nikaendelea kumsimulia, kwa sababu tulikuwa bado darasa la kwanza na palibaki mengi ambayo hakuwa ameyaona.